Stakabadhi ya Mwili

Alfajiri, Tandahimba. Vipande vitatu vya muhogo,
chumvi, chai ya rangi. Nimepokea.
Hakuna karani aliyeandika.

Kufika gunia la kumi na mbili
ule muhogo umeshageuka sukari damuni,
umeteremka mapajani, unawaka
bila kibiriti, bila moshi,
na joto lake lanichuruzika shingoni.
Kilo themanini. Ngazi ya mbao. Rudi.

Gunia la thelathini, muhogo umekwisha.
Hapo ini hufungua stoo yake ndogo,
likanikopesha cha jana:
ugali wa usiku, na kichwa cha ng'onda
alichonisogezea Somoe
akisema yeye kashiba.

Korosho hizi zinangoja mnada.
Mwenyewe, mzee Nampoto, ana karatasi mfukoni,
miezi miwili sasa, anangoja.
Ini halingoji bei.
Linalipa taslimu, mpaka senti ya mwisho.

Usiku nimelala gogo.
Somoe ananiwekea kiganja kifuani:
"Mbona unachemka hivi?"
Moyo huo. Kuli wa zamu ya usiku,
hajawahi kutua mzigo.

Kisha, gizani, tumbo lake likanguruma,
naye akakohoa upesi
ili nisisikie.