Mbuzi wa Kiti cha Mbele

Kila sinia likitua mkekani, wananiuliza.
Ibra nzima, nadhani, habari ishafika
kwamba mtoto wa Bi Ziyana hali nyama.

Kwa daktari nilisema ni kidole gumba cha mguu,
kinachowaka usiku kama kaa;
akafurahi, akaandika kitu kwenye kompyuta.
Kwa shemegi Muhanna nilisema bei.
"Bei?" akacheka, mwenye ngamia kumi na wanne.
Kwa binti yangu Azza, anayesoma Maskati
na kunitumia picha za dunia inavyokauka,
nilisema naam, ni kama ulivyosema, ni maji,
lita sijui ngapi kwa kilo moja,
na falaji letu mwaka huu linachirizika
kama mtu mzima anayeona haya kulia.
Yote kweli. Hakuna hata moja niliyoongopa.
Hakuna hata moja iliyo sababu.

Shangazi Shinuna hakuuliza, alinipima:
"Kakuroga nani? Au ushakuwa Banyani?"
Nikamkumbuka Narotam wa duka la dengu,
miaka thelathini na moja juu ya kiti kile kile,
chapati zake mbili ndani ya kitambaa,
wala sijamsikia hata siku moja
akimwambia mtu: na wewe acha.
Nikasema, Shangazi, sikuharamisha halali.
Mimi nimesema sili.
Sikusema msile.

Mama ndiye aliyenishinda.
"Wete," alisema, "nyama tukila kwa pua.
Jirani akichoma, sisi tunakaa upande wa upepo
na muhogo wa chumvi mkononi.
Nimevuka bahari ili wanangu washibe,
leo unanisukumia sinia?"
Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.
Nikajisogezea wali mtupu wa pembeni,
nikala kimya, kama aliyefiwa.

Basi niseme.
Alhamisi ya soko la Sinau, kabla ya Idi,
nilimnunua yeye: mweupe, sikio moja jeusi, riyali tisini.
Nyuma ya pikapu mlijaa mitungi ya gesi
na jua lilikuwa la kukaangia yai.
Nikamfunga miguu, nikampakia mbele.
Karibu saa nzima, kiyoyozi kikitupuliza sote wawili.
Tulipopita Mudhaibi akachoka kulalama,
akaniwekea kichwa pajani,
kizito, cha moto,
kama Azza siku zile za surua.
Nikamkuna nyuma ya pembe, bila kufikiri.
Akafumba macho.

Siku ilipofika, mimi ndiye niliyeshika miguu.
Wenzake walirusha mateke.
Yeye alitulia,
kwa kuwa mkono ni wangu.

Tukampaka bizari, siki, thomu,
tukamvika majani ya mgomba na kikapu cha ukindu,
tukamzika katika tanuri la mtaa.
Kumzika. Neno hilo tunalisema kila mwaka.
Mwaka ule nikalisikia.

Na shimo lilipofunuliwa, siku mbili baadaye,
harufu ikapanda mpaka kwenye minara,
mate yakanitoka. Yananitoka hata leo.
Msidhani nimekuwa malaika.

Idi hii Mama kanitengea bakuli langu,
kalifunika kwa kawa, hakusema kitu.
Mbaazi za nazi, nzito, za Kipemba,
sijui mbaazi zenyewe kazipata wapi.
Na juu yake, katikati, kwa mazoea au kwa makusudi,
kipande kimoja kidogo cha nyama.
Nikakitazama.
Akanitazama.
Nikakisogeza ukingoni, nikachovya mkate.
"Chumvi imetosha?"
Imetosha, Mama.