Wati Nane

Feni ya kwanza ilikuwa ya marehemu baba mkwe,
kopo la chuma lenye kutu katika tundu la jikoni.
Ukiiwasha yanguruma kama kinu cha kusaga mahindi,
na Feruzi, sebuleni, hupandisha redio
kisha husema: "Hiyo yatula, mke wangu. Yatula."
Tokeni ya mia mbili Jumatatu,
Alhamisi mita yalia pi, pi, pi.

Tukaizima. Miaka miwili.

Moshi wa mafuta ukahamia darini, ukakaa.
Kanzu ya Ijumaa ikenda msikitini
imebeba harufu ya papa mkavu.
Chooni kuvu ikachora ramani:
hapa Likoni, hapa Mtongwe,
na Swabra, miaka mitano, povu machoni,
akiuliza sisi twakaa wapi.
Nikamwonyesha kidoa kando ya bomba.

Ndipo akaja fundi Mwadzombo na ngazi ya kuazima.
Akaugonga ukuta kwa kidole, akausikiliza;
kuta hizi za Kibokoni ni matumbawe na chokaa,
hutoboi kabla hujaziomba radhi.
Akatoa viwili kwenye boksi, vyeupe,
vyepesi kama sahani za karatasi.
"Wati nane kila kimoja," akasema,
"taa ya ukumbini inakula zaidi."
Akabonyeza. Sikusikia kitu.
"Kibovu," nikasema.
Akachana ukingo wa gazeti, akausogeza kwenye wavu:
karatasi ikaruka, ikanata,
ikatetema pale kama mdomo wa mtu asomaye kimoyomoyo.

Kumbe kitu hiki, ndani kimya,
nje kina maneno.
Uchochoro wetu, ukinyoosha mkono
waligusa dirisha la Bi Zamzam.
"Leo bamia," hunambia ngazini.
"Leo umezidisha ukwaju."
Siku ya pweza alipiga makofi.
Ule moshi niliofuga miaka miwili
sasa watoka kila adhuhuri kwenda kupiga soga.

Mwezi wa Februari depo ya kontena ikafunga lango.
Feruzi akarudi saa nne asubuhi
na kofia yake ya plastiki mkononi,
hakujua aitundike wapi.

Siku ya kwanza, chai ya rangi na viporo.
Siku ya pili, chai.
Adhuhuri ikaingia, tundu limenyamaza,
na kunyamaza kwake nikakusikia mimi mpaka barabarani.
Nikateleka maji matupu.
Nikabonyeza swichi.
Nikakoroga, kijiko kikigonga sufuria vizuri,
ka, ka, ka,
kama mtu aliye na haraka na wageni.

Wati nane. Sijapata kununua
sitara rahisi namna hii.
Leso ya kujifunika yashinda mia tano,
hii, senti.
Siku ya tatu nikaipika tena hewa yangu.
Siku ya nne nikaitia na chumvi, sijui kwa nini.

Mlango ukagongwa.
Mtoto wa Bi Zamzam, sinia kichwani, kawa juu yake:
wali wa nazi, samaki wa kupaka,
na pilipili mbichi mbili, kwa kuwa ajua Feruzi azipenda.
"Mama asema sinia lirudi."
"Na nini tena?"
Mtoto akatazama vidole vya miguu.
"Asema feni yenu nzuri sana.
Haileti hata harufu."

Tulikula. Swabra aliramba mwiko.
Feruzi alikula ameelekea ukuta.

Sinia nimeliosha, liko chini ya wavu,
lakauka upesi siku hizi.
Lakini sinia la watu halirudi tupu,
nami nina chumvi, maji,
na upepo.
Nimeizima feni.
Kesho, inshallah, naenda kugonga kwake
na mikono mitupu, mchana kweupe,
nimwambie mwenyewe.
Au keshokutwa.