Kibao cha Sohwa

Neno hili halitosheki: kibao ni kofi,
kibao ni mbuzi ya kukunia nazi,
kibao ni wimbo uliovuma na bango la dukani.
Cha Sohwa ni cheusi, bapa, mfano wa sinia dogo,
waya wake umefungwa utepe mahali pawili,
na juu yake hakionekani kitu.
Unachora hapa, mstari unazaliwa kule,
kwenye skrini, mkono usikofika.

Wiki ya kwanza alidhani amelogwa.
Alichora yai, likatoka kiazi.
Macho yalitaka kushuka yakautazame mkono,
kama mzazi anayechungulia dirisha la darasa.
Ilimbidi ayakanye.
Kisha siku moja, hakumbuki ipi,
mkono ukajiendea.

Miaka saba, Bucheon, ghorofa ya nne,
sakafu inapashwa moto kwa chini, theluji inalamba kioo,
anachora nywele. Nywele, madirisha na mvua.
Nyuso huchorwa na mwingine,
yule ambaye jina lake liko juu ya katuni.
Sohwa hulipwa kwa ukurasa
kuwanyeshea watu wanaoachana.
Akigusa, manyunyu; akikandamiza, gharika.
Kitufe cha kutendua kimefutika alama,
na katikati ya kibao, kulia kidogo,
pamesuguka hadi pakang'aa
kama kizingiti cha nyumba yenye watoto.

Hapo ndipo mvua yote iliponyesha.

Mwezi wa pili akanunua kipya, chenye skrini yake,
mstari unaota chini ya ncha,
macho na mkono vikapatana.
Cha zamani akakishusha dukani kwa mama yake.
Bi Malsun huuza vitoweo: figili, mchicha wa ufuta,
kabichi ya pilipili iliyochachushwa,
na kifundo chake, baada ya miaka thelathini ya kukamua kabichi,
hakitaki tena kusikia habari za kipanya.
Kinamuuma hadi kwenye kiwiko.
"Kalamu nitaiweza," alisema.
"Kalamu haimpindi mtu mkono."

Akaanza na hesabu za jioni.
Kisha sahihi za wenye kuleta mizigo.
Kisha, duka likiwa tupu, bei:
*Figili, won elfu tatu.*
Herufi ziliyumba kama watu wanaoshuka ngazi na magunia.
Sohwa akainama begani pake:
"Mama, humu mna kilainishi. Ukikiwasha,
mistari inanyooka yenyewe."
Bi Malsun akamsogeza, si kwa ukali.
"Kabichi nimezilainisha za kutosha.
Huu mkono niachie nione unavyokwenda."
Akachapisha, akabandika mlangoni, akarudi kumenya vitunguu.

Usiku ule Sohwa alikuwa na uchochoro wa kumaliza:
wapenzi wawili, taa moja, ukuta mtupu.
Kuta za namna hiyo huzijaza kwa herufi za tayari,
zile zilizonyooka, zisizo na mtu ndani yake.
Akalifungua faili la mama yake.
Akalilaza kidogo kuufuata ukuta,
akalipunguza mwanga,
akalinyeshea. Manyunyu tu,
maandishi yasije yakazama.

Hakumwambia mtu. Aliyechora nyuso hakuuliza.

Alhamisi katuni ikatoka.
Bi Malsun akaifungua kwenye simu, miwani puani,
akaivuta picha kwa vidole viwili,
akampita mwanamume anayelia,
akampita mwanamke anayeondoka,
akafika ukutani.
Akanyamaza muda wa kufunika kopo moja la figili,
na la pili.

"Elfu tatu mia tano," akasema.
"Bei ilipanda Jumatatu."