Mahali Rangi Ilipokwepa

Ramani mpya haina habari nayo.
Kwenye ile ya zamani, ya baba mkwe wangu,
imechorwa nene kama mshipa wa shingo,
kisha mikunjo imeila katikati,
pamebaki tundu
pale hasa nilipotaka kwenda.

Niliacha gari nyuma ya kanisa la Wamenoni,
nikapenya kwenye waya uliokatwa na waliotangulia,
nikapanda tuta.
Na hii hapa: njia nne,
pana kuliko haja yoyote niliyo nayo,
imelala kati ya milima ya Pensilvania
kama sentensi iliyokimbiwa na kitenzi.

Lami imepasuka, lakini si ovyo.
Imepasuka palepale ilipoungwa,
na kila kiungo kimeota majani,
utadhani mtu alishona shati la kijivu
kwa uzi wa kijani.
Mti mchanga umesimama kwenye njia ya kupitana,
hauna haraka.
Nikaupiga picha. Nikapiga kibao cha mwendo
chenye matundu saba ya risasi:
tarakimu hazisomeki, amri imebaki.

Handakini,
baridi ya mwezi wa pili ilikuwa bado imejificha
na nje ni mwezi wa tano.
Nilipiga mluzi.
Ukaenda, ukakawia,
ukarudi umezeeka.

Nilipotokea upande wa pili
nilimkuta mtu na fagio.

Wendell Hostetler, miaka themanini na mmoja,
suruali kaifunga kwa kamba ya kiatu.
Hakuuliza nimefuata nini;
kamera shingoni ilikwisha kumjibu.
"Umepiga michoro ya vijana ukutani?
Wote huipiga hiyo.
Njoo uone kazi yangu mimi."

Tukaenda, naye anafagia huku anatembea,
majani ya mwaloni, vipande vya chupa,
hadi mstari wa manjano ukajitokeza,
rangi ya meno ya mvuta tumbaku.
Ulinyooka. Ukanyooka.
Halafu, hapa,
ukapinda kwa upana wa sahani moja
na kuirudia adabu yake.

"Kobe," alisema.
"Stoltz anaendesha lori, mimi nyuma juu ya mashine ya rangi.
Kobe huyo, katikati, kichwa ndani.
Ukipiga breki rangi inamwagika dimbwi.
Basi nikaisukuma mashine hivi."
Mkono wake ukaenda hivi,
ukarudi.
"Msimamizi akanikata siku mbili.
Akasema atatuma watu waje kuunyoosha.
Mwaka haukuisha wakatoboa mlima kwingine,
hii wakaifunga.
Nawasubiri hao watu mpaka leo!"
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Kihesabio changu: thelathini na tano.
Imebaki moja.
"Simama hapo, mzee, niwatoe wote wawili,
wewe na mpindo wako."
"Uso wangu watautazama siku ya mazishi,
watautazama vya kutosha.
Piga hii."
Akajitoa, akarudi nyuma hatua nne.
Wingu lilikuwa limekaa juu ya jua.
Nikangoja.
Naye akangoja, bila kunifundisha kazi.

Nyumbani, chini ya taa nyekundu,
karatasi ikielea kwenye dawa,
kwanza ilikuja misonobari, nyeusi,
ikaja nyufa, ikaja lami yenyewe
taratibu, kama mtu anayekumbuka jina.
Mpindo haukuja.
Ulikuwa ni karatasi tupu tu,
na kila kilichoingia pale kikiwa cheusi
kilifika kwenye ukingo wake
kikaukwepa.

Chini, pembeni kushoto,
ipo ncha ya fagio
niliyodhani nimeiacha nje.
Mkasi ulikuwa mezani.
Sikuikata.