Gogo la Mfenesi, Kangagani

Shaame aliliangusha gogo hili
lije kuwa kitanda.
Likalala uani, nyuma ya choo,
masika mawili na vuli moja.

Leo asubuhi limeota masikio:
meupe, membamba kama ganda la kitunguu,
hayana mguu, hayana kikonyo,
yameng'ang'ania gome kwa ubavu tu.

Time hakuyachuma.
Alichutama na ufagio wake,
akabonyeza gogo;
kidole kikazama hadi kwenye pete.

Msumeno wa Shaame bado umetundikwa ukutani.
Haya, yasiyo na jino,
yamekwishafika kwenye moyo wa mti.

Akainama, akaliambia sikio la chini,
lile dogo kabisa,
bei ya mbao mwaka ule,
na jambo jingine
ambalo hata kuku hawakulisikia.