Picha ya Kavugho

Kwanza futa kioo kwa pindo la kitenge:
vumbi la mawe meusi ya Majengo
huingia hata kwenye jicho la simu.
Usivute sura kwa vidole. Sogea kwa miguu.

Kavugho ana mwana Kisangani, miaka sita hajamwona.
Ameketi juu ya chukudu, nyuma yake ukuta wa lava,
uso umezama kama kaa lililozimika.

Naazima shuka jeupe la jirani, bado linachuruzika,
nalitandaza mbele ya miguu yake.
Mwanga unapanda, unamkuta shavuni.

Viwiko mbavuni. Pumzi ndani.
Chaji imebaki ya picha moja.

"Nicheke?"
"Hapana, mama. Niambie huyo mtoto alipenda kula nini."

"Sombe," anasema, "ile ya mawese, iliyolala,"
na kidole changu
hakingoji amalize.