Kupita Makongolosi

Lami iliishia nyuma ya duka la mwisho.
Subilaga akashusha kioo,
vumbi likaingia bila hodi, likaketi nasi.
Tulikuwa wanne, na madumu mawili ya maji,
na mkungu wa Tukuyu ulioivia safarini.

Pesa ya kikoba mwaka huu, tuliapa,
hainunui sufuria.

Miombo imevua nguo. Mto ni mchanga tu,
una nyayo za ng'ombe wa mwezi jana.
Saa tano usiku tairi likakata roho.
Atuganile akajilaza chini na kitenge chake kipya,
akidai spana, akitukana kwa Kinyakyusa,
kisha, chali vilevile, akanyamaza.

"Zimeni taa."

Tukazima.
Mbeya nyota tunazo, ila zinagombea nafasi
na taa za Mwanjelwa.
Huku zilishuka mpaka begani kwa Tumpe.
Na Kilimia, kile kile
alichonionyesha mama nikiwa na jembe na usingizi,
nikasema nakiona,
sikukiona.

Leo nakiona, mama.

Jeki ilikuwa mkononi mwangu.
Saa nzima hakuna aliyeiulizia.